Mguu wa Kulia Peke Yake

Esperansi, aliyepokea kwangu funguo za sakristia, ameniomba niwaandikie ninyi masakristani wapya mambo yote ninayoyajua. Nilimwambia karatasi mbili zitatosha na nafasi itabaki. Alicheka kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba muzee akishika kalamu hataiachia. Basi naandika. Kuhusu mshahara sitasema kitu, maana si vizuri kumsengenya asiyekuwepo. Kuhusu kupanda cheo pia sitasema: sakristani hapandi cheo, anapanda ngazi kubadilisha balbu.

Jina langu ni Evaristi. Nilizaliwa kwenye milima ya Masisi, naishi mtaa wa Mapendo, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilitunza sakristia ya parokia moja hapa Goma. Kwa asiyejua, sakristani ndiye anayetayarisha kila kitu kanisani, ili padri aingie na ionekane kama vitu vyote vimejipanga vyenyewe. Kazi ikienda vizuri, anasifiwa padri. Ikienda vibaya, kila mtu anakumbuka ghafla jina lako.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa tai. Muzee Kasiano, sakristani aliyenitangulia, aliitazama ile tai kwa muda mrefu, halafu akanipa ndoo na kitambaa.

“Ile kamba ya mu shingo,” akasema, “ufunge nayo ndoo. Mukono yake ilikatika.”

Nilidhani anatania. Alikuwa amenyoosha mkono akiingoja. Ndoo ile ilibebwa kwa tai yangu hadi Pasaka, na kusema kweli ilikuwa tai imara.

Kasiano ndiye aliyenifundisha kazi, na yale aliyonifundisha nawapa kama nilivyoyapokea. Altare ya Goma inafutwa mara mbili kila asubuhi, kwa sababu volkeno yetu Nyiragongo ikipumua usiku, vumbi jeusi linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Nta ya mshumaa haikwanguliwi kwa kisu. Weka karatasi ya kahawia juu yake, pitisha pasi ya moto, karatasi itainywa. Vitambaa vya altare vinatiwa wanga wa muhogo, lakini mwepesi, la sivyo padri atakunja kitambaa na kitalia kama bati. Kwa chetezo cha ubani chagua makaa mazito. Yale mepesi yanarusha cheche, na zulia la kanisa letu bado lina matundu saba ya ujana wangu.

Neno lake kuu lilikuwa moja. “Kama batu balikuona,” alisema, “ujue ulikosea kitu.” Nililishika kwa moyo, nikalikariri kwa wengine, na nikaishi miaka mingi bila kulifuata.

Sasa niingie kwenye habari ya miguu, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko nta na wanga. Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka, padri anajifunga taulo, anapiga magoti na kuwaosha miguu watu kumi na wawili, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Ni ibada ya unyenyekevu. Nalisema wazi hapa kwa sababu mkiendelea kusoma mtaweza kusahau.

Wakati wa Kasiano hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Mtu gani atavua viatu mbele ya wakwe zake? Kasiano alisimama mlangoni na kuwashika watu mikono ya shati. Mwanamume akiona muzee anamtazama miguu, alikimbilia upande wa kwaya na kujifanya anaimba besi.

Kasiano alipofariki, orodha ya wale kumi na wawili ilikuja mikononi mwangu, nami nikaona niiboreshe. Nilileta viti vyenye mito badala ya benchi. Nikapanga wote wavae shati jeupe. Nikaandika majina yao kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mpiga picha akaja bila kuitwa, kama nzi. Haikupita miaka mitatu, kuoshwa miguu kukawa heshima kubwa kuliko kufunga ndoa.

Mngewaona. Mkurugenzi mmoja wa shule alikuja na mguu unaonukia marashi, mpaka padri akapiga chafya kwenye beseni. Chefu, kiongozi wa mtaa, alidai kiti cha kwanza, kwa sababu alisikia kwamba kiti cha kwanza ni cha Petro. Wengine nao wakaanza kuhesabu, na tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kiti cha kumi na mbili, wakisema ni cha Yuda. Watu wazima, wenye wajukuu, walisukumana kwa viwiko mbele ya altare wakikimbia kiti. Aliyechelewa ndiye aliyekuwa Yuda wa mwaka huo.

Wa kwanza kati yao wote alikuwa Papa Silveri, mtu wa forodha, aliyezoea kupitisha mizigo ya wafanyabiashara pale mpakani Bunagana. Alikuja na taulo lake mwenyewe, jeupe, limetariziwa jina lake kwa uzi wa dhahabu, na chini ya jina maneno haya: Mtumishi Mnyenyekevu. Aliomba padri amfute kwa lile taulo na si kwa lingine, na lishikwe hivi, ili maandishi yaelekee watu.

Nami mwenye orodha nilikuwa nani? Baada ya Noeli tu nilianza kusalimiwa na watu ambao mwaka mzima hawakuniona. Jibini la Masisi lilifika nyumbani kwangu mviringo kwa mviringo, na mke wangu akaniuliza kama nimefungua duka. “Papa sakristani,” waliniita, kama baba yao, kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Niliwacheka moyoni kwa kiburi chao. Nyani haoni kundule.

Halafu kulikuwa na desturi nyingine, nayo ni mimi niliyeianzisha. Padri mmoja wa zamani, mwenye pua nyepesi, alilalamika mwaka mmoja kwamba kuna mguu uliomtoa machozi ambayo hayakuwa ya ibada. Kuanzia mwaka uliofuata nikawa nawaita wale kumi na wawili saa moja kabla ya Misa, nyuma ya sakristia, kwenye bomba. Niliwasugua kwa brashi na sabuni mpaka kisigino king'ae. Na kwa kuwa padri aliosha mguu wa kulia peke yake, nasi tulisugua wa kulia peke yake. Ule wa kushoto ulibaki ndani ya kiatu na siri zake. Hivyo ndivyo tulivyoosha miguu ili ikaoshwe.

Msije mkadhani kwamba kwa kuwa nilikuwa napiga magoti juu ya mawe, nikiosha visigino ambavyo hakuna aliyevipiga picha, basi mimi ndiye niliyekuwa mnyenyekevu wa kweli. Nilijidanganya hivyo miaka mingi. Niliwaosha kwa dharau, nikihesabu makosa ya kila mmoja kidole kwa kidole. Nilikuwa na kiburi cha kuwatosha wote kumi na wawili, na kingine kikabaki.

Katikati ya miaka hiyo ya utukufu, baba yetu alifariki kule Masisi. Barabara ilikuwa mbaya na padri hakuweza kupanda. Mimi nilipanda kwa pikipiki, na kanzu nyeupe mgongoni ndani ya mfuko wa plastiki, na chupa ya maji ya baraka. Nilifika saa ya maziko, jeneza likiwa tayari ukingoni mwa kaburi.

Aliyekuwa amesimama na kitabu cha sala ni Bonifase, kaka yangu mkubwa. Yeye ni katekista. Kilima chetu hakikuwa na padri wa kudumu, kwa hiyo ni yeye aliyekuwa akifundisha, akibatiza walio hatarini, akizika. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Nikasikiliza, na damu ikanipanda kichwani. Alikuwa anasoma sala ya kumzika mtoto mchanga. Kwa muzee mwenye vitukuu, aliyeuza ng'ombe na kutuoza wote, anasoma ya mtoto mchanga. Niliwatazama watu. Hakuna aliyeshangaa, na hilo likanichoma zaidi: nikaona wote ni washamba, pamoja na katekista wao.

Nilipiga hatua mbili na kumnyang'anya kitabu.

“Leta hapa,” nikasema, na kila mtu alisikia. “Hii haiko kuchunga ngombe.”

Nikafunua ukurasa unaostahili na kusoma sala ya mtu mzima kwa sauti yangu ya mjini, ile inayofika mpaka benchi za mwisho. Nilisoma vizuri. Mpaka leo najua kwamba nilisoma vizuri, na ndiyo sehemu inayoniuma. Bonifase alichukua koleo akaanza kufukia, na hakuliweka chini mpaka kaburi likajaa.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilishuka Goma jioni ileile, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila mimi na kaka yangu kusemezana. Arusi zilikuja, tukatuma watoto. Mimi nilijiambia kwamba ana wivu. Kila nilipokaribia kuomba msamaha, nilikumbuka kwamba yeye ndiye aliyekosea ukurasa, na magoti yangu yakakaza tena.

Kisha ikaja vita iliyowamwaga watu wa Masisi barabarani, na kambi za Kanyaruchinya zikajaa hadi juu ya mawe ya volkeno. Kwaresima ya mwaka huo tulipata paroko mpya, Padri Gaspari, mtu mfupi, msemaji wa chini. Nilimpelekea orodha ya kumi na wawili kwenye karatasi nzuri. Aliisoma yote.

“Hawa bote,” akauliza, “kuna mwenye alilala na njaa juzi?”

Nikasema sijui, padiri.

“Basi sita batoke huku. Ingine sita, uende ubatafute Kanyaruchinya.”

Nilikata majina sita, na la Silveri likiwamo. Siwezi kueleza simu nilizopigiwa. Kuna mtu aliyeniambia kwamba mguu wake umezoea.

Kanyaruchinya nilipokewa na Mama Furaha, kiongozi wa waamini wa pale. Alikuwa mtu wa kilima chetu, jirani wa baba yangu tangu zamani. Alinitazama bila kunikaribisha sana, akanitajia majina sita, na la kwanza lilikuwa Bonifase.

“Iko pale,” akasema, akionyesha kwa kidevu.

Kaka yangu alikuwa ameketi juu ya bidoni la maji mbele ya kibanda cha hema jeupe. Alikuwa amezeeka kuliko mimi kwa miaka mingi zaidi ya ile tuliyoachana kuzaliwa. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwa vipande vya kitenge. Alikuwa ametembea siku nyingi kutoka Masisi juu ya mawe, kucha zilikuwa zimetoka, na nyayo zilipasuka kama udongo wa kiangazi.

“Evaristi.”

“Bonifase. Muko bazima?”

“Tuko.”

Nikamweleza habari ya Alhamisi, kwa sauti ya mtu wa ofisi.

“Miye niende kuoshwa miguu?” akauliza. Aliitazama chini, kama anayeihesabu. “Sawa. Nitakuja.”

Kwenye pikipiki nikirudi mjini, kabla hatujafika hata lami, nilikuwa nimekwisha kufuta jina lake. Kwa Padri Gaspari nilisema vidonda havifai kuloweshwa maji. Kwa Bonifase nilituma neno kupitia Mama Furaha, kwamba kwanza muganga amwangalie, mwaka kesho Mungu akipenda. Maneno yote mawili yalikuwa mazuri na yote mawili yalikuwa uongo. Ukweli ni kwamba niliona ile miguu juu ya mto wangu mweupe, mbele ya picha, na nikawasikia watu wakiulizana ni nani yule, na wakijibiwa: ni kaka yake Papa sakristani. Nikamrudisha Silveri mahali pake. Jibini lilifika kabla ya jua kuchwa.

Alhamisi Kuu Misa ilikuwa saa tisa za mchana, kwa sababu ya usalama. Mimi nilikuwa mbioni tangu alfajiri, nikibeba viti, nikichemsha wanga, nikitafuta maji kwa sababu bomba lilikuwa limekauka na tulinunua yanayobebwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao. Saa nane walikuja kusuguliwa. Watu sita wa mjini walinyoosha mguu wa kulia bila kuambiwa, kwa mazoea. Watano wa Kanyaruchinya, wawili wao wakiwa wamama, walikuwa wamekwisha kujiosha wenyewe huko walikotoka, miguu yote miwili, maana hakuna aliyewaambia kwamba upande mmoja unatosha.

Silveri alikuja mwisho, akakuta viti vimejaa isipokuwa cha kumi na mbili. Na jirani yake hapo alikuwa mama mmoja wa kambini, aliyemsalimia vizuri sana.

“Papa sakristani,” akaninong'oneza, “miye, kwa kiti ya Yuda? Na hawa?”

“Ni Misa, Papa Silveri.”

“Najua ni Misa. Ndio maana.”

Akaweka taulo lake juu ya kiti, akatoka nje kupumua hewa, na akaenda kuipumulia kwake. Mtumishi Mnyenyekevu akabaki amekunjwa vizuri juu ya mto, maandishi yakielekea watu.

Baada ya mahubiri, Padri Gaspari alivua kasula, vazi lake la juu, akajifunga taulo kiunoni, akatazama mstari. Watu kumi na mmoja na taulo. Akanikaribia.

“Wa kumi na mbili iko wapi?”

“Alipata shida, padiri.”

“Basi, keti.”

Nikasema mimi ndiye ninayebeba beseni. Miaka yote ni mimi.

“Mutu mwingine atabeba. Keti, papa.” Kisha akageukia waamini. “Kuna katekista hapa ndani?”

Kule nyuma kabisa, kati ya watu wa kambi, mtu mmoja akasimama kwa kuegemea fimbo. Nilimtambua kabla sijaona uso wake. Alikuwa amekuja hata hivyo, pamoja na miguu yake niliyoikataa. Alipita katikati ya kanisa polepole, na kila hatua yake niliisikia. Akaacha fimbo kwenye nguzo na kuchukua beseni.

Nami nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha Yuda, na sikuweza kulalamika kwamba nimewekwa mahali pasipo pangu.

Padri alianza na chefu wa mtaa, Petro wetu. Chefu akanyoosha mguu wa kulia, unaong'aa kama sahani ya arusi.

“Huu nauona ulioshwa,” akasema Padri Gaspari, taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa kwenye kola yake. “Nipe huu mwingine, chefu.”

Nani alimwambia, mpaka leo sijui. Labda alituona tu kwa dirisha. Chefu alitazama kushoto na kulia kama anayetafuta wakili. Kiatu kikatoka, soksi ikatoka, na chini ya soksi kulikuwa na soksi nyingine ya vumbi la Goma, nyeusi hadi kwenye kifundo. Wamama wa mbele wakaziba midomo. Wa pili akaombwa wa kushoto. Wa tatu, mkurugenzi wa marashi, alijaribu kusema ana mafua. Wakafuatana hivyo wote sita, na kicheko kikapanda kanisa zima, mpaka kwaya ikapotea wimbo. Walipofikiwa wale watano wa Kanyaruchinya, watu walinyamaza, kwa sababu miguu yao ilikuwa safi kotekote.

Kisha mimi. Sikuwa na mguu wa kuchagua. Niliyefundisha kanisa zima kusugua upande mmoja sikuwa nimesugua hata huo mmoja. Nilivua kiatu, na kidole gumba kikajitokeza chenyewe kwenye tundu la soksi kuwasalimu waamini. Nawaambieni ukweli, kwanza niliona aibu ya soksi. Bonifase alipopiga goti mbele yangu kwa maumivu, meno yamekazwa, bado nilikuwa nafikiria soksi.

Padri aliosha, akampa Bonifase taulo anifute. Hakunifuta kama nilivyowafuta wengine mimi, haraka na kwa hasira. Alipitisha taulo kati ya kidole na kidole, kama anavyokaushwa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akasema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu:

“Miguu yako ni ya papa kabisa. Hata ile kucha.”

Nikatazama dari kana kwamba nakagua balbu. Tangu siku ya maziko sikuwa nimemsikia akimtaja baba yetu.

Baada ya Misa nilimkimbilia, nikamshika mkono kwenye mlango wa sakristia. Nilimwambia aingie tusemezane wawili. Nikaanza: juu ya siku ile, juu ya kile kitabu. Akanitazama, kisha akatazama makabati yangu yaliyopangwa vizuri.

“Kitabu ulininyanganya mbele ya batu,” akasema. “Sasa unataka kunirudishia mu kabati?”

Akachukua fimbo yake na kufuata wenzake.

Siku zile tatu nilifanya kazi zote na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni kwamba niliandika hotuba ya kuomba msamaha, nyuma ya karatasi ya nyimbo za Mkesha. Niliisoma kwa sauti nikipiga pasi nta ya mshumaa wa Pasaka. Nilibadilisha maneno fulani yapendeze zaidi. Mtu anaweza kujivunia chochote, hata toba yake, na mimi ni shahidi: ilikuwa toba iliyoandikwa vizuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Jumatatu ya Pasaka nilipanda Kanyaruchinya. Watu wa kilima chetu walikuwa wamekusanyika kusali chini ya hema lililotandazwa kati ya vibanda viwili, wamekaa chini, na Bonifase amesimama mbele yao. Nilingoja wamalize wimbo, nikainua mkono kama mwanafunzi. Mama Furaha aligeuka.

“Ni wewe,” akasema, “ule wa siku ya maziko.”

Hivyo ndivyo nilivyojulikana kwetu miaka yote hiyo, mimi Papa sakristani wa mjini.

“Ni miye, mama.”

Nikatoa karatasi. Nilisoma kwamba nilimdharau kaka yangu mkubwa mbele ya kaburi la baba yetu, mbele yao wote, na kwamba ninaomba radhi kwake na kwao. Walisikiliza. Nikaendelea kusoma, kwa sababu karatasi ilikuwa na sehemu ya pili. “Hata kama sala ile haikuwa ya mtu mzima,” nikasoma, “na ukurasa haukuwa wenyewe, haikunipasa…”

Bonifase aliinua mkono.

“Evaristi. Miye sikukosea kurasa.”

Nikashusha karatasi.

“Papa aliniita siku tatu mbele ya kufa. Akasema: mutanisomea ile ya batoto. Kwa Mungu miye siko muzee, akasema. Kule naenda kama mutoto, banipokee vile.” Alisema bila hasira yoyote, kama anayemweleza mgeni njia. “Nilimwahidia.”

“Kilima yote ilijua,” akasema Mama Furaha.

Kilima chote kilijua. Mimi peke yangu sikujua, kwa sababu nilifika saa ya maziko na sikumuuliza mtu hata neno moja. Nilitazama ile karatasi, na hakukuwa na mstari hata mmoja ndani yake ulioweza kunisaidia. Nikasema tu, “Nilikosea,” na sauti yangu ya mjini haikufika hata mstari wa pili.

“Sawa,” akasema kaka yangu. “Kaa chini, mudogo yangu, tumalize kusali.”

Kiti hakikuwepo. Niliketi juu ya mawe, katikati ya wamama waliosogea kunipa nafasi, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote walionisikia, siku ile, nikimsomea baba yangu sala ambayo hakuiomba.